Urea, CAN au SA: naitrojeni ipi inafika kwenye mzizi wa nyasi za hei?

Mashamba mawili ya hei, yaani nyasi za kukatwa na kukaushwa ziwe lishe ya mifugo, yamepakana. Udongo ni uleule, nyasi ni zilezile, zimekatwa siku moja. Mwenye shamba la kwanza anaweka urea, jirani yake anaweka CAN, yaani naitreti ya amonia yenye chokaa, na wote wawili wamepiga hesabu vizuri, kilo za naitrojeni zimelingana. Ukifika wakati wa kukata, jirani anafunga marobota mengi zaidi, na tangu siku hiyo haambiliki: urea si mbolea ya hei. Mzunguko unaofuata, mvua nzuri inanyesha usiku uleule wa kuweka mbolea, na mashamba yanatoka sare. Mzunguko wa tatu mvua inazidi, maji yanatuama wiki nzima, na safari hii mwenye urea ndiye anayeongoza.

Mbolea zenyewe hazikubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni yale yaliyotokea katika siku chache kati ya punje kugusa ardhi na naitrojeni kuingia mzizini. Ndani ya mmea, naitrojeni haina kumbukumbu ya mfuko iliyotoka. Ikishafika, kilo moja ni kilo moja. Kwa hiyo swali la “mbolea gani ina nguvu zaidi” linampeleka mkulima kusiko. Ninachotaka tukifuate hapa ni njia: kila mbolea inaweza kupotea wapi, na shamba la hei limeifungulia mlango gani.

Kwanza, hesabu ya mfuko

Urea ina asilimia 46 ya naitrojeni, kwa hiyo mfuko wa kilo 50 umebeba kilo 23. CAN ya asilimia 27 imebeba kilo 13.5. SA, yaani salfeti ya amonia, ni asilimia 21, kilo 10.5 kwa mfuko, lakini pamoja nazo kuna kilo 12 hivi za salfa. Naitreti ya amonia isiyochanganywa, yenye asilimia 34, inabeba kilo 17.

Anayetaka kilo 100 za naitrojeni kwa hekta atahitaji takriban kilo 217 za urea, au kilo 370 za CAN, au kilo 476 za SA. Ubishi mwingi niliowahi kuusikia kuhusu mbolea za nyasi unaishia hapa, kwa sababu mtu alilinganisha mifuko minne kwa mifuko minne. Aliyefanya hivyo kwa urea na SA alilinganisha kilo 92 na kilo 42 za naitrojeni. Ukienda kununua, gawa bei ya mfuko kwa kilo za naitrojeni zilizomo. Katika sehemu nyingi za dunia urea ndiyo huwa rahisi zaidi kwa hesabu hiyo, na hapo ndipo mtego wake ulipo, maana urahisi huo ni wa kilo zilizonunuliwa. Kilo zilizofika kwenye mzizi ni hesabu nyingine.

Urea juu ya visiki vya nyasi

Mzizi wa nyasi hula naitrojeni hasa katika sura mbili, amoniamu na naitreti. Urea ni lazima ivunjwe kwanza. Kazi hiyo hufanywa na kimeng'enya kiitwacho ureasi, kilichomo katika vijidudu vya udongo na katika mabaki ya mimea. James Sumner alikitoa kwenye jamii moja ya maharage na kukifanya fuwele mwaka 1926, na kwa kazi hiyo akaonyesha kwamba vimeng'enya ni protini. Tuzo ya Nobel ilimfikia mwaka 1946. Kwa mkulima, muhimu ni kwamba ureasi iko kila mahali na haina subira.

Punje ya urea ikiloa, ureasi huivunja kuwa amonia na kaboni dayoksaidi, na pH, kipimo cha uchachu, ya eneo dogo linaloizunguka punje hupanda kwa muda hadi 8 au 9, hata kama shamba zima liko kwenye 6. Hapo ndipo hasara inapozaliwa. Katika maji yenye pH 7, chini ya asilimia 1 ya amonia huwa katika sura inayoweza kuruka kama gesi. Kwenye pH 9.2, joto likiwa nyuzi 25, ni karibu nusu. Punje ikiwa imefukiwa sentimita chache, gesi hiyo hugeuka amoniamu tena na kunaswa na udongo kabla haijatoka. Ikiwa juu, inaondoka na upepo.

Sasa litazame shamba la hei siku mbili baada ya marobota kuondoka. Huwezi kulima ili kufukia mbolea, maana nyasi ni za kudumu. Majani yaliyokuwa yakitia kivuli yamekatwa, jua linapiga moja kwa moja. Chini ya visiki kuna zulia la majani makavu na mizizi mifu, lenye ureasi nyingi kuliko udongo ulio chini yake, na punje nyingi zinaning'inia humohumo bila kugusa udongo. Alfajiri umande unailowesha punje, inayeyuka. Saa tano asubuhi zulia limekauka na amonia imeanza safari. Sijui namna ya kuandaa mazingira mabaya zaidi kwa urea kuliko haya.

Anayetilia shaka ajaribu kwa chupa mbili za kioo zenye mifuniko. Weka udongo wenye unyevu na konzi ya mabaki ya nyasi kutoka shambani katika kila moja. Kwenye ya kwanza nyunyiza kijiko cha urea juu, kwenye ya pili kijiko cha CAN. Funga, weka mahali penye joto, ngoja siku tatu. Fungua ya CAN kwanza: utasikia harufu ya udongo. Ukifungua ya urea, usiweke pua karibu; ile harufu kali inayochoma macho ndiyo naitrojeni uliyoilipia.

Urea inayorushwa juu ya nyasi bila kufukiwa mara nyingi hupoteza kati ya asilimia 10 na 30 ya naitrojeni yake. Joto, upepo, udongo wenye chokaa nyingi na udongo wa kichanga usioweza kushika amoniamu husukuma hasara juu zaidi. Kinachoishusha karibu na sifuri ni maji ya kutosha yanayofika mapema: milimita 10 hadi 15 za mvua au za umwagiliaji ndani ya siku mbili huiyeyusha urea na kuizamisha kwenye udongo kabla ureasi haijamaliza kazi. Neno “kutosha” lisipitwe. Manyunyu ya milimita 2 ni mabaya kuliko ukavu mtupu, kwa sababu yanaiamsha urea bila kuipeleka popote. Punje iliyokaa juu ya udongo mkavu kabisa inaweza kusubiri. Iliyoloweshwa kidogo haisubiri.

Ipo urea iliyopakwa kizuizi cha ureasi, na kinachotumika zaidi kinajulikana kwa kifupi NBPT. Hiki hukibana kimeng'enya kwa wiki moja hadi mbili hivi, kukiwa na joto kali muda hupungua, na humnunulia mkulima nafasi ya kufikiwa na mvua. Taasisi ya kilimo ya Ireland, Teagasc, imeipima kwa miaka mingi kwenye nyasi na kukuta mavuno yake yanalingana na ya CAN, huku naitrasi oksaidi, gesi inayopasha joto dunia kwa nguvu kubwa, inayotoka shambani ikipungua kwa asilimia 71 ikilinganishwa na CAN. Kwa mwenye shamba kubwa asiye na umwagiliaji, naiona kuwa chaguo la kwanza la kufikiriwa. Urea iliyofunikwa kwa utando wa plastiki, ile inayoachia polepole, ni hadithi nyingine: nyasi zinazokatwa kila wiki sita zina njaa ya haraka, na mbolea inayotoka taratibu mno inaweza kufika mezani chakula kimeshaondolewa.

CAN haikimbii na upepo, inakimbia na maji

CAN ni naitreti ya amonia iliyochanganywa na chokaa ya kusaga. Mchanganyiko huo una sababu yake: naitreti ya amonia tupu inaweza kulipuka, na dunia iliona hilo Beirut tarehe 4 Agosti 2020, takriban tani 2,750 zilipolipuka bandarini. Nchi nyingi zimebana uuzaji wake, na CAN ndiyo imekamata nafasi.

Nusu ya naitrojeni ya CAN ni naitreti, iko tayari kuliwa siku ileile. Nusu nyingine ni amoniamu, ambayo udongo huishika kwanza. Hakuna hatua ya kuvunjwa na ureasi, kwa hiyo punje inaweza kukaa juu ya zulia la nyasi katika wiki ya jua kali na hasara ikawa ndogo sana. Ndiyo maana, katika mzunguko wa kwanza, uliokuwa mkavu, jirani wa shamba la pili alifunga marobota mengi.

Udhaifu wake uko upande wa pili. Chembe za mfinyanzi zina chaji hasi, naitreti nayo ina chaji hasi, kwa hiyo hazishikani. Maji yakishuka, naitreti inashuka nayo. Niseme hapa kwamba hofu ya kuzama kwa naitreti huletwa kwenye nyasi kutoka kwenye mashamba ya mahindi bila kupunguzwa. Nyasi za kudumu zina mtandao mzito wa mizizi hai mwaka mzima, na zikiwa zinakua kwa nguvu huinasa naitreti haraka. Hatari inakuwa kubwa mbolea ikiwekwa nyasi zimelala, kwa baridi au kwa ukame, kisha mvua kubwa ikafuata.

Kutuama kwa maji ni tatizo zito zaidi. Udongo ukijaa maji hewa huisha, na bakteria wanaohitaji oksijeni huanza kuinyang'anya kutoka kwenye naitreti. Naitrojeni inarudi angani, sehemu ikiwa naitrasi oksaidi. Bonde lenye udongo mzito likikaa chini ya maji siku kadhaa mara baada ya kuwekewa CAN, nusu iliyokuwa naitreti ndiyo iliyo hatarini. Urea katika wiki hiyo ingekuwa bado ni amoniamu kwa sehemu kubwa, imeshikwa na udongo, imetulia. Mzunguko wa tatu wa majirani wetu ulikuwa huu.

Mbolea ya maji, mchanganyiko wa urea na naitreti ya amonia, inarithi tabia za pande zote mbili: nusu ya naitrojeni yake ni urea, robo amoniamu, robo naitreti. Kwenye nyasi huleta shida ya ziada ya kuunguza majani ikipuliziwa kama dawa. Ikimwagwa kwa mistari inaunguza kidogo na kupotea kidogo.

SA na shamba lililosema kwa miaka mingi

Kama kuna mahali panapoonyesha kwamba aina ya naitrojeni si jambo dogo, ni kwenye malisho ya Rothamsted, kituo cha utafiti wa kilimo kilichopo Harpenden, Uingereza. Mwaka 1856 John Bennet Lawes na Joseph Henry Gilbert waligawa malisho ya zamani kuwa vipande, kila kipande wakakipa mbolea yake, wakaanza kukata hei na kuipima. Jaribio hilo, Park Grass, linaendelea hadi leo. Baadhi ya vipande vilipewa naitrojeni kama salfeti ya amonia, vingine vikapewa kiasi kilekile kama naitreti ya sodiamu. Kila mwaka, mwezi Juni, hei ikakatwa na kupimwa.

Miaka michache ilitosha mpaka kati ya vipande kuonekana kwa macho. Leo, kwenye vipande vya salfeti visivyowekewa chokaa, udongo umechachuka hadi chini ya pH 4. Vipande visivyo na mbolea yoyote vina zaidi ya aina 30 za mimea. Pale salfeti ilipowekwa kwa kiwango cha juu kabisa, karibu aina moja tu ya nyasi imebaki. Juu ya ardhi limejengeka zulia nene la mabaki yasiyooza, kwa kuwa minyoo na vijidudu vya kuyaozesha haviwezi kuishi kwenye uchachu huo. Vipande vya naitreti ya sodiamu, mpaka kwa mpaka na hivyo, havikuchachuka namna hiyo. Kuanzia mwaka 1903 nusu ya vipande vingi ilianza kupewa chokaa, na hadi leo upande wenye chokaa una sura nyingine kabisa.

Sababu yake ni hii. Bakteria wanapoigeuza amoniamu kuwa naitreti, huacha tindikali nyuma. Urea nayo hupitia njia hiyo, lakini kuvunjwa kwake kwa mwanzo hula sehemu ya tindikali. SA haina cha kuipunguzia. Kwa makadirio yanayotumika sana, kila kilo ya naitrojeni ya urea inahitaji karibu kilo 1.8 za chokaa ili kuifuta, na kila kilo ya naitrojeni ya SA inahitaji karibu 5.4. CAN inabeba chokaa yake yenyewe, kwa hiyo inaugusa udongo kidogo tu. Kwenye shamba la hei uchachu unaongezewa na jambo jingine: kila robota linaondoka na kalisi, magnesi na potasiamu ambavyo kwenye malisho vingerudi na samadi. Udongo ukishuka chini ya pH 5 hivi, alumini huanza kuyeyuka na kufupisha mizizi, na hapo hata naitrojeni iliyofika salama inakuta mdomo umefungwa.

Je, SA itupwe? Hapana, na hapa lazima nitetee. Nyasi zinahitaji salfa ili kujenga protini, kiasi cha kilo moja kwa kila kilo 10 hadi 15 za naitrojeni. Kwenye kichanga, au udongo uliochoka usio na mboji, salfa inaweza kuwa ndiyo pungufu, na ukiongeza urea juu ya urea mavuno hayasogei. Ng'oa chipukizi moja la nyasi, ulitandaze kiganjani. Majani ya chini, yaliyozeeka, yakiwa ya njano na ya juu yakiwa ya kijani, nyasi zina njaa ya naitrojeni, kwa sababu mmea huihamisha kutoka kwa wazee kwenda kwa vijana. Majani machanga ya juu yakiwa ndiyo yaliyofifia, fikiria salfa, ambayo haihamishiki kirahisi. Mwenye kuona dalili hii anaweza kuweka SA kwa mkato mmoja wa mwaka, mingine akatumia urea au CAN, huku akipima pH kila baada ya miaka miwili au mitatu.

Kwa nini majaribio mengine hayaoni tofauti

Nyasi haziitikii naitrojeni kwa mstari ulionyooka. Kilo za mwanzo zinalipa sana, mara nyingi kilo 15 hadi 30 za nyasi kavu kwa kila kilo ya naitrojeni, kisha malipo yanapungua hadi kiwango ambapo ukiongeza, nyasi zinalala chini tu na kuchelewa kukauka.

Chukua kilo 100 za naitrojeni zilizowekwa kama urea, robo ikaruka. Zimebaki 75. Kama shamba liko kwenye sehemu ya mwinuko, na kila kilo ingeleta kilo 20 za nyasi kavu, zimepotea kilo 500 kwa hekta. Hei yenye ukavu wa asilimia 85, robota la kilo 15: ni marobota 39. Lakini kama shamba lilikuwa limeshashiba, tuseme liliwekewa maradufu ya mahitaji yake, hasara ileile ya robo haionekani kwenye mizani kabisa. Nyasi zilikuwa na akiba ya kupoteza. Hivyo mtu anaweza kusema kwa dhati kwamba “urea na CAN ni sawa, nimejaribu,” wakati alichokipima ni shamba lililoshiba.

Potasiamu nayo huficha tofauti. Tani moja ya hei huondoka na kilo 15 hadi 20 za potasiamu, na zaidi ikiwa nyasi ni changa. Baada ya miaka kadhaa ya kukata bila kurudisha, potasiamu ndiyo inayoweka dari, na aina yoyote ya naitrojeni itagonga dari hilohilo.

Uzito pia si habari yote. Protini ghafi ya hei hupatikana kwa kuzidisha naitrojeni kwa 6.25, kwa hiyo tani moja ya nyasi kavu yenye protini asilimia 10 imebeba kilo 16 za naitrojeni. Kugawa mbolea, sehemu baada ya kila mkato, hulinda uzito na protini pamoja, na hupunguza hasara za kila namna. Kumwaga yote kwa mkupuo kisha ukame ukaingia ni hatari kwa mifugo wenyewe: naitreti hulimbikizwa kwenye shina, hasa sehemu ya chini, na kukausha hakuiondoi. Tumboni mwa ng'ombe hugeuka naitriti, damu ikawa ya kahawia na kushindwa kubeba oksijeni. Nyasi za namna hiyo zikatwe juu zaidi, zisikatwe katika siku chache zinazofuata mvua iliyovunja ukame, na zipimwe maabara kabla ya kulishwa.

Kuamua siku yenyewe

Mimi ningeanza na utabiri wa hali ya hewa, si na duka. Mvua ya kweli ikitarajiwa ndani ya siku mbili, au kuna umwagiliaji, urea ya kawaida inatosha na inalipa. Jua na upepo wiki nzima, CAN au urea yenye kizuizi. Bonde linalotuama maji, aina yoyote ya urea kuliko CAN, na ikiwezekana subiri maji yapungue kwanza. Majani machanga yamefifia na pH iko vizuri, SA. Kama mchanganyiko una mikunde inayofika theluthi moja ya shamba, punguza naitrojeni ya aina zote, maana itazinenepesha nyasi zikaizidi mikunde iliyokuwa ikifanya kazi hiyo bila malipo.

Kisha liulize shamba lenyewe. Acha ukanda mmoja bila naitrojeni. Kanda mbili ziwekee urea na CAN kwa kilo za naitrojeni zilizolingana, na kiwango kiwe nusu ya kile ulichozoea, ili tofauti isifichwe na shibe. Andika tarehe ya kuweka, andika mvua ya siku saba zilizofuata kutoka kwenye kipimo kilichopo hapohapo shambani. Siku ya kukata, funga kila ukanda peke yake na upime marobota kwenye mizani, usiyahesabu tu, kwa kuwa robota la ukanda wenye njaa huwa jepesi kuliko linavyoonekana.